Mashujaa wa kike wa riwaya za distopia: ni wadadisi kweli au wanasukumwa tu?

#1 Kurasa Mia

Wakuu, salaam.

Nina hoja, naomba ipondwe kwa kurasa za kitabu. Wale wa muvi tu mtanisamehe.

Kila uchambuzi wa riwaya za distopia za vijana (hadithi za jamii ya kubuni inayobanwa na dola katili) utakwambia shujaa wa kike anaendeshwa na udadisi. Anauliza pale wenzake wanapoinamisha vichwa, majibu yanamtia matatani, dola inatikisika. Mimi naona hilo limekaririwa tu. Ukiwarudia vitabuni mmoja mmoja, wengi wao hawakuuliza kitu. Walisukumwa.

Katniss Everdeen (The Hunger Games, 2008) anajitolea kwa sababu jina la mdogo wake Prim, mtoto wa miaka 12, limetoka kwenye bakuli la kura ya watoto wanaopelekwa kwenye michezo ya kuuana. Hapo pana swali gani?

Tally Youngblood (Uglies, 2005) anakwenda Smoke, kambi ya waliotoroka mji, kwa sababu Dk. Cable, ofisa wa dola, amembana: amlete rafiki yake Shay, la sivyo hafanyiwi ule upasuaji wa urembo wa miaka 16 na atabaki na sura yake milele.

Lena Haloway (Delirium, 2011) anaanza kitabu akiisubiri kwa hamu tiba ya kumwondolea mapenzi. Anaitaka mwenyewe.

Beatrice Prior (Divergent, 2011) majibu ya mtihani wake yanampa njia tatu, mojawapo ikiwa Erudite, kundi la watu wa kuuliza na kusoma. Haendi huko. Anakwenda Dauntless, kundi la majasiri, kurukaruka kwenye treni.

Sasa angalieni pembeni ya shujaa. Shay ndiye aliyetaka kujua maisha ya nje ya mji yakoje. Hana, rafiki wa Lena, ndiye aliyegundua muziki wa magendo na sherehe za siri, Lena akiwa anatetemeka. Udadisi ni wa rafiki. Shujaa anaupokea rafiki akishapotea au akishapoa.

Pingeni.

#2 Ngoja Nisome

Siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 mlinda_maktaba

Orodha umeichagua ili ushinde, mkuu. Umemwacha Lina Mayfleet wa City of Ember (2003), ambaye bila udadisi hana riwaya kabisa.

Mji uko gizani, umeme unakatika kila mara, balbu na makopo ya chakula yanaisha stoo. Lina anafungua sanduku la zamani lililofichwa nyumbani kwao, anakuta karatasi imetafunwa na mdogo wake Poppy, herufi zimebaki vipandevipande. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemtisha, na kwa wakati huo hakuna ndugu anayetaka kuokolewa. Anakusanya vipande, anavigandisha kwenye karatasi nyingine, anaanza kubahatisha maneno yaliyokosekana. Kitabu kizima kinakaa juu ya kazi hiyo.

Halafu Cassia Reyes wa Matched (2010). Anaingiza kadi yake kwenye mashine amwone mchumba aliyepangiwa, Xander, mara inatokea kwa sekunde chache sura ya kijana mwingine, Ky. Ofisa anamwambia ni hitilafu, asahau. Angesahau, kitabu kingeisha sura za mwanzo. Hakusahau.

#4 Kurasa Mia

Lina ana miaka 12. Hicho ni kitabu cha watoto, tusichanganye madawati. Cassia nampokea nusu: kilichomsumbua ni uso wa mvulana. Hayo ni mapenzi yamevaa miwani.

#5 Chausiku wa Riwaya

Mlinda maktaba, sanduku hakulifungua Lina. Wajenzi wa mji walilifunga kwa kufuli la saa, lifunguke lenyewe baada ya miaka 220, na lilitakiwa kupita kwa meya mmoja hadi mwingine. Meya wa saba akalipeleka nyumbani kwake kinyemela, akajaribu kulivunja, akashindwa, akafa bila kumweleza mtu. Hadithi inaanza mwaka wa 241 wa mji. Kufuli lilishaachia zamani ndani ya kabati. Bibi yake Lina ndiye aliyelitoa, Poppy akaanza kula kilichomo.

Na hiyo si nukta ndogo kwa uzi huu. Mwandishi amehakikisha Lina havunji kitu. Sanduku liko wazi, karatasi inaliwa, yeye anaokoa mabaki. Mwenye tamaa ya kujua kwa nguvu ni yule meya, naye analaumiwa. Kwa hiyo hata kwenye kitabu ambacho ni cha udadisi mtupu, kuna udadisi unaoruhusiwa na udadisi wa wizi.

#6 mlinda_maktaba

Sanduku, kabati, kufuli, sawa. Aliyeisoma karatasi ni nani? Lina. Twende mbele.

#7 Kibatari

Mimi nalitazama kwa nyuma zaidi. Msichana mdadisi hakuzaliwa 2005. Alikuwepo kwenye distopia za watu wazima, ila kama kijana wa kazi. Chukua Fahrenheit 451 ya 1953: Clarisse McClellan, binti wa miaka 17 hivi, anamwuliza Montag kama ana furaha. Swali hilo moja linamvuruga zimamoto mzima, ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu, mpaka anaanza kuficha vitabu. Baadaye mkuu wake, Beatty, anaeleza tatizo la yule binti: hakutaka kujua kitu kinafanyikaje, alitaka kujua kwa nini. Na Clarisse yuko wapi wakati huo? Ametoweka, inasemekana amegongwa na gari. Kazi yake ilikuwa kumwamsha mwanaume, akaondolewa.

Kinyume chake ni Julia wa riwaya ya Orwell iitwayo 1984. Huyo ni mwasi kwelikweli, lakini mpenzi wake Winston anapomsomea kile kitabu cha siri kinachoeleza dola inavyofanya kazi, yeye analala.

Riwaya za vijana zilichofanya ni kumpandisha cheo Clarisse. Msichana wa maswali kapewa usimulizi, kapewa uhai hadi mwisho (mara nyingi), na mvulana kawekwa pembeni awe wa kuamshwa.

#8 Mhakiki Mkali

Nzuri, lakini Katniss hatoki kwa Clarisse hata kwa darubini. Kibatari umepata chanzo cha Cassia tu.

Katniss si mtu wa kuuliza. Ni mtu wa kuona. Uzio wa Wilaya ya 12, kwao Katniss, unatakiwa kuwa na umeme saa 24, lakini wao hupata umeme saa mbili tatu za jioni. Hata hivyo kila anapofika anasimama kusikiliza mngurumo kabla ya kupenya chini yake. Hayo ni mazoea ya mwindaji. Hajiulizi uzio umewekwa na nani na kwa nini. Anataka kujua kama leo utamwua.

Anapofika uwanja wa pili wa michezo, kwenye Catching Fire (2009), washindani wenzake Beetee na Wiress wameshamwonyesha wakati wa mafunzo kwamba kwenye pembe ya ukuta wa nguvu kuna sehemu inayometameta kidogo. Peeta, mwenzake wa wilaya, anapougonga huo ukuta msituni na moyo wake kusimama, Katniss anatafuta ile dalili, kisha anakuwa anarusha njugu mbele yake ajue mpaka uko wapi. Anawadanganya wenzake kwamba anausikia kwa sikio lake lililotengenezwa upya. Hapo ana uchunguzi, ana jaribio, ana siri. Neno "kwa nini" halimo.

#9 Ngoja Nisome

Njugu zake zina kazi kuliko karanga zangu.

#10 fundi_msuko

Mnabishana bila kipimo. Kuna njia ya kupima, inatumika kwenye uandishi wa aina yoyote, nawawekea hapa.

Hatua ya kwanza: chukua tukio linaloondoa mhusika kwenye maisha yake ya kawaida. Moja tu, msiweke matano.

Hatua ya pili: mtoe udadisi mhusika. Mfanye mtu asiyetaka kujua lolote. Tukio linatokea vilevile? Kama ndiyo, udadisi si injini. Prim ataitwa hata kama dada yake ni gogo. Dk. Cable atambana hata msichana mjinga. Lakini Cassia asiyetaka kujua ataipuuza sura kwenye kioo, na Lina asiyetaka kujua atafagia karatasi iliyotafunwa.

Hatua ya tatu ndiyo watu wanaisahau. Rudia jaribio hilo katikati ya kitabu. Injini hubadilishwa njiani. Tally anasukumwa mpaka afike Smoke, hilo nakubali. Lakini akishafika, ule mkufu wa Dk. Cable wenye kifaa cha kuwaita askari anao, na kazi yake ilikuwa kukiwasha tu arudi nyumbani. Anachelewa kukiwasha. Anachelewa kwa sababu anaangalia: watu wenye makunyanzi, majarida ya zamani, kazi za mikono. Maddy na Az, wazazi wa kijana wa Smoke aitwaye David, wanapomweleza kwamba upasuaji unaacha vidonda kwenye ubongo, yuko tayari kusikia. Ukimwondolea udadisi hapo, anabonyeza siku ya kwanza na kitabu kinaishia ufukweni.

Kwa hiyo mleta uzi amepima kilomita ya kwanza akasema gari halina mafuta.

#11 Kurasa Mia

Anachelewa kukiwasha kwa sababu ya David, fundi. Soma tena. Na mkufu wenyewe anautupa motoni kwa ajili ya David, ndipo unapotuma ishara.

#12 fundi_msuko

Anautupa motoni baada ya kuelezwa habari za vidonda. Mpangilio wa sura una maana. Kwanza anajua, halafu anatupa.

#13 dada_kurasa

Jameni, mnazunguka Marekani tu, na hapa Kenya tuna Asha wa Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009. Najua ni filamu fupi, kama dakika 20 hivi, mleta uzi anifukuze akitaka. Lakini kwa kipimo cha fundi #10 hakuna anayemshinda.

Asha anafanya kazi kwenye makumbusho ya viumbe, chini ya ardhi, baada ya vita vya maji. Nje inasemekana kila kitu kimekufa. Watu wanasafisha mkojo na jasho lao wanywe, wanazalisha umeme kwa kukimbia kwenye mashine. Anatumiwa kifurushi cha udongo, mtumaji hajulikani. Angalia mpangilio wa anachofanya: anaupima kwanza, vipimo vinaonyesha unyevu mwingi na hauna mionzi. Ananusa. Anaweka mbegu. Inachipua. Ndipo anaomba ruhusa ya kutoka, anakataliwa, anaamrishwa ameze dawa ya kuzuia ndoto. Hakuna ndugu wa kuokoa, hakuna mvulana, hakuna wa kumtisha kabla hajauliza. Ni udongo tu.

Na maneno yanayozungumzwa humo ndani unaweza kuyaandika kwenye karatasi moja. Udadisi wote uko mikononi.

#14 Kurasa Mia

Asha si kijana wa miaka 16, ni mtu ana ajira. Lakini kwa hilo la mvulana, dada, umenibana. Nampokea mzima.

#15 Chausiku wa Riwaya

Dada_kurasa kagusa kitu bila kukitaja: kazi. Wapangeni wale wanaopita kipimo cha fundi, mtaona kila mmoja yuko mahali habari zinapopita. Asha yuko makumbusho. Cassia anafanya kazi ya kuchambua data, macho yake yamefundishwa kuona kisichofanana na vingine. Lina alipangiwa kibarua cha mabomba, mvulana mwenzake Doon akapangiwa utarishi, wakabadilishana. Akawa tarishi, anakimbia mji mzima akibeba ujumbe kwa mdomo. Kira wa Gathering Blue (2000) anatarizi joho la Mwimbaji, lenye historia yote ya watu wake, kwa hiyo anaishika historia kwa sindano.

Kwa anayeandika, hapo ndipo pa kuanzia. Usimpe msichana "tabia ya kudadisi" kwenye maelezo ya wasifu. Mpe kazi yenye dirisha. Kosa la miswada mingi ya aina hii ni shujaa anayeuliza maswali makubwa mezani, kwa sauti, mbele ya wazazi, katika nchi ambayo tumeambiwa ina masikio ukutani. Msomaji anajiuliza: huyu amefikaje miaka 16 hajakamatwa?

#16 Mhakiki Mkali

Na swali pacha lake: kwa nini leo? Kama ni mdadisi kwa asili, ilikuwaje miaka 15 iliyopita? Waandishi wote wanalikimbia kwa njia moja, wanaleta kitu kisicho cha kawaida kutoka nje. Sura kwenye kioo, udongo kwenye kifurushi, tunda linalobadilika ghafla mkononi mwa Jonas wa The Giver (1993). Sasa kama kila mara lazima kitu kimfuate, sifa ni ya mhusika au ya kitu?

#17 Kibatari

Ya mhusika. Tunda lile waliligusa wawili, Jonas na Asher, walikuwa wanarushiana. Asher hakuona kitu.

#18 Mhakiki Mkali

Asher hakuona kwa sababu hana uwezo wa kuona rangi, Jonas anao wa kuzaliwa. Hiyo ni biolojia, si tabia. Na Jonas ni mvulana, uzi unasema wa kike.

#19 mlinda_maktaba

Jonas aruhusiwe kwa sababu moja. Anapokabidhiwa kazi anapewa karatasi ya masharti manane. La tatu linamruhusu kumwuliza mwananchi yeyote swali lolote, na lazima ajibiwe. La nane linasema anaruhusiwa kusema uongo. Papo hapo anawaza: kama na wengine wana sharti kama hilo kwenye karatasi zao, jibu lolote atakalopewa lina thamani gani? Mwandishi kampa mtoto uhuru wote wa kuuliza na kaufuta kwa mstari mmoja. Sijaona msichana yeyote wa miaka ya 2010 aliyepewa tatizo zuri kama hilo.

#20 nyota_ya_pwani

Assalaam alaykum. Nimesoma kuanzia juu, mmesahau chumba kilichokatazwa.

Hadithi ya Bluebeard, ile ya Perrault ya 1697: mke mpya anapewa funguo zote, ufunguo mmoja asiutumie. Anautumia, anakuta maiti za wake waliotangulia, damu inagoma kutoka kwenye ufunguo. Perrault mwisho wake anaweka funzo dhidi ya udadisi wa wanawake, badala ya kulaani mume muuaji! Pandora wa Wagiriki, aliyefungua chombo cha mabaya, naye habari yake mnaijua.

Riwaya hizi zinaishika hadithi hiyohiyo na kuigeuza. Chumba kinafunguliwa, maiti ziko mle, na safari hii mwandishi anasema: vizuri amefungua. Vidonda vya ubongo vya Tally ndizo maiti hizo. Ndiyo sababu shujaa lazima awe msichana. Mvulana akifungua mlango, hakuna karne za lawama za kugeuza.

#21 Kurasa Mia

Wa alaykum salaam. Karne za lawama kwa wavulana zipo. Kwenye Alfu Lela Ulela, kalandar (darweshi) wa tatu anaachiwa milango, wa dhahabu asifungue, anafungua, anamkuta farasi, farasi anamrusha huko na kumtoa jicho kwa mkia. Ni mwana wa mfalme, tena mwanaume.

#22 nyota_ya_pwani

Aliyepoteza jicho anaishia kusimulia kisa chake mbele ya Harun Rashid na kusikilizwa. Mke wa Bluebeard anaokolewa na kaka zake na kupewa funzo. Tofauti iko hapo, bwana Kurasa.

#23 Ngoja Nisome

Aisee mleta uzi leo umekutana na wenye maktaba.

#24 fundi_msuko

Nadharia ya chumba naipenda ila haielezi kwa nini umri ule. Kwa nini 12, 16, 17, 18? Ember ni 12, Jonas 12. Chicago ya Divergent ni 16, Uglies 16. Cassia anapata mchumba akiwa na 17. Delirium tiba ni 18. Hunger Games bakuli linaanza na 12 linaisha na 18.

Maelezo yangu: kwenye hizi hadithi kuuliza kuna tarehe ya mwisho, na kwenye baadhi yake dola inaingia kichwani kabisa. Uglies ni kisu. Delirium ni kisu pia. Dada yake Lena, Rachel, aliburutwa akilia kwenye tiba kwa sababu ya kijana aliyempenda, baada yake ametulia kama maji ya mtungini. Matched ni kidonge chekundu cha kufuta kumbukumbu. Mwandishi haandiki msichana mwenye udadisi mkubwa. Anaandika msichana wa kawaida aliyebakiwa na muda mfupi wa kuwa na akili yake. Taharuki inatoka kwenye kalenda.

Ndiyo maana ukiondoa tarehe, udadisi unalegea. Kitabu cha pili cha mfululizo mara nyingi kinayumba hapo hapo: upasuaji umeshakwepwa, swali la kwanza limeshajibiwa, mwandishi anatafuta injini mpya.

#25 Mhakiki Mkali

Mfano wa injini mpya iliyofanya kazi: Insurgent (2012). Tris (ndiye Beatrice) anataka kujua wazazi wake walikufa wakilinda habari gani. Hapo ndipo anapokuwa mdadisi halisi kwa mara ya kwanza. Anakubali hata kusaidiana na Marcus, mtu anayemchukia, na kumficha mpenzi wake Tobias jambo hilo, kwa ajili ya habari tu. Kipimo cha fundi anakipita bila kona.

Kisha Allegiant (2013) inaua kila kitu. Wanafika uwanja wa ndege wa O'Hare, watu wa Ofisi inayosimamia mji huo wanakaa nao, wanawaeleza: jaribio la vinasaba, mji ni maabara, hivi na hivi. Maelezo yanamwagwa kama zege. Msomaji hana cha kuuliza tena, Tris hana cha kuuliza tena, kinachobaki ni kujitoa mhanga.

#26 Ngoja Nisome

MKUU! Weka onyo! Wengine hatujafika kitabu cha tatu.

#27 Mhakiki Mkali

Kitabu cha 2013 kinalindwa mpaka lini? Hata hivyo sijasema nani kajitoa.

#28 Ngoja Nisome

Umeshasema.

#29 Chausiku wa Riwaya

Hilo la zege linaweza kuepukika. Linganisheni na Wilaya ya 13 kwenye Catching Fire, ambayo dola inasema iliangamizwa. Katniss anakutana na wakimbizi wawili msituni, Twill na Bonnie, wana mkate mdogo wenye mchoro wa ndege wa mockingjay. Wanadai Wilaya ya 13 ipo hai. Ushahidi wao: kila runinga inapoonyesha magofu ya huko, pembeni juu ya picha anapita mockingjay yuleyule, yaani ni mkanda wa zamani unarudiwa. Katniss haamini. Anasubiri taarifa ya habari, anatazama ile pembe, anamwona ndege. Basi. Haelezwi na mtu, na majibu yake ni robo tu ya ukweli; mengine yanakuja mwisho wa kitabu.

Ukitaka vipimo vya mikono: jibu moja lizae swali moja dogo kuliko lililotangulia lakini la karibu zaidi na ngozi ya mhusika. Jibu likitoka kwa mzee mwenye hekima likachukua sura nzima, umelipua daraja.

Na hapo, Mhakiki, Katniss wako "asiyeuliza" amekaa mbele ya runinga anapima mkanda.

#30 Mhakiki Mkali

Amepima kwa sababu anatafuta mahali pa kukimbilia na familia yake. Mwindaji anatafuta pango.

#31 Kibatari

Kwenye mfululizo huo mdadisi yupo, tena si yeye. Ni Haymitch, mshindi wa zamani anayemfundisha Katniss. Michezo ya 50, idadi ya watoto imeongezwa mara mbili, wote wanapigania chakula, yeye anatembea moja kwa moja mpaka mwisho wa uwanja. Mshirika wake Maysilee Donner anamwuliza wanakwenda kutafuta nini. Hajui, anataka kuona mwisho uko wapi. Wanafika kwenye genge, jiwe linaanguka chini, linarudi juu. Siku ya mwisho adui anamrushia shoka, linamkosa, linatumbukia gengeni, linarudi na kumwua mwenyewe.

Tuzo yake: wiki mbili baada ya kuvikwa taji, mama yake, mdogo wake na mchumba wake wote wamekufa. Capitol, makao ya dola, haikupenda kuonyeshwa kwamba ukuta wake ni silaha ya yeyote.

#32 mlinda_maktaba

Tena hilo ndilo jambo ambalo uzi huu umelipita kwa mbio: bili analipa nani? Haymitch aliona mwisho wa uwanja, familia ikafa. Kira anakwenda msituni kujifunza rangi za nyuzi kwa bibi Annabella, bibi anamwambia hakuna wanyama wakali, kesho yake si yake, amekufa. Shay aliyetaka kujua nje kukoje anarudishwa mjini na kufanyiwa upasuaji. Clarisse gari. Hadithi inamwacha mdadisi mkuu aendelee kuuliza kwa sababu kuna mwingine anamlipia.

Ukiandika, hili ndilo la kupanga mapema kuliko tabia ya shujaa. Swali la kwanza liwe bure, au lionekane bure. La pili limguse jirani. Swali la kwanza likiua mtu, shujaa mwenye akili ataacha kuuliza na utalazimika kumfanya mpumbavu ili hadithi iende.

#33 Kurasa Mia

Nalichukua hilo liniunge mkono. Kama kila swali linalipiwa na mtu wa pembeni, basi mdadisi wa kweli ni wa pembeni, kama nilivyosema kwenye #1. Shujaa ni mrithi.

#34 mlinda_maktaba

Annabella hakuwa na udadisi wowote. Alikuwa na majibu. Usibebe kila maiti uiweke kwenye gari lako.

#35 nyota_ya_pwani

Kuna mmoja tu ambaye udadisi wake unakosea, na hamjamtaja: Aya Fuse wa Extras (2007), mfululizo uleule wa Tally. Miaka 15, mji wa Japani, umaarufu ndiyo sarafu. Kazi yake ni kuwinda habari, ana kamera inayoelea inaitwa Moggle. Anawafuata Sly Girls, wasichana wanaokwepa umaarufu, anakuta mlimani mtambo mkubwa wa kurushia vyuma. Anachunguza, anakusanya picha, anatangaza kwa dunia: ni silaha ya kuangamizia miji. Habari inavuma. Kumbe ni ya watu wanaojiandaa kwenda kuishi angani.

Hakuna aliyemsukuma, Kurasa Mia. Hakuna ndugu, na mvulana anakuja baadaye. Na amekosea kwa sababu alitaka jibu linalouzika.

#36 Kurasa Mia

Ameendeshwa na cheo. Alitaka jina.

#37 dada_kurasa

Sasa kila sababu ukipewa unaiita kitu kingine. Cassia mapenzi, Katniss pango, Aya cheo. Ungependa udadisi unaotoka wapi, mawinguni?

#38 Chausiku wa Riwaya

😂 Dada kampiga chenga mleta uzi na goli liko wazi.

#39 fundi_msuko

Kuna la usimulizi pia halijaguswa. Katniss, Tris, Cassia na Lena wote wanasimulia kwa nafsi ya kwanza, wakati uliopo. Lina, Tally, Kira, Aya na Jonas ni nafsi ya tatu, wakati uliopita. Msimulizi wa "mimi" anaweza kumweleza msomaji dunia yake bila kumwuliza mtu: Katniss anatueleza tesera (chakula unachopewa kwa kuongeza jina lako kwenye kura), kwamba jina lake limo mara 20 na la rafiki yake Gale mara 42, yuko zake njiani tu. Wa nafsi ya tatu lazima atende ndipo tujue, kwa hiyo mwandishi anampa miguu na maswali. Pengine tunachokiita tabia ni mahitaji ya kisarufi.

#40 mlinda_maktaba

Cassia ni "mimi" na anauliza kuliko wote.

#41 fundi_msuko

Cassia anawaza kuliko wote. Kuuliza kwa mdomo anaogopa.

#42 Ngoja Nisome

Kuna mtu anaweza kuunganisha Walenisi hapa? Naona ya nyumbani ni filamu moja tu.

#43 Kibatari

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi shujaa wake ni Dzombo, mwanaume, na anakofika ni kwenye nchi njema. Inataka uzi wake, kule utanikuta.

#44 Mhakiki Mkali

Nirudi Ember kidogo, maana pale kuna jambo linanikera. Wadadisi ni wawili. Doon anataka kuona jenereta, anapoingia anakuta mafundi wenyewe hawaielewi, wanaziba viraka tu. Lina anapewa karatasi. Mvulana mashine, msichana maandishi. Kira anapewa nyuzi, Cassia shairi. Hata udadisi una chumba cha wavulana.

#45 dada_kurasa

Asha ana maabara na vipimo vya udongo. Aya ana kamera inayoruka.

#46 Mhakiki Mkali

Aliyeichokonoa Moggle ikawa na uwezo ule ni rafiki yake Ren. Mvulana.